Maharage 12 kwa mgonjwa mmoja: Jumamosi zangu za kesi fupi pale Nyawera, Bukavu

Kabla hujaniuliza bei ya hiki kikao cha wanafunzi wa udaktari kujizoeza kutambua magonjwa: ni dola 2 kwa kikao, dola 7 ukilipa mwezi mzima. Kwa hela hiyo unapata kiti cha plastiki (ukichelewa, benchi), wagonjwa 3 wa karatasi (kesi zilizoandikwa kwenye kadi), maharage 12, na daktari mmoja mstaafu, tunamwita Mzee, ambaye kumchekesha ni kazi. Nimeenda Jumamosi 17 mpaka sasa. Nilikosa mbili: moja nilikuwa zamu, nyingine mvua ilishuka na nusu ya barabara ya kwetu Kadutu. Niko mwaka wa sita, stajieri (mwanafunzi anayefanya mazoezi hospitalini), na wadogo zangu wa mwaka wa nne wananisimamisha kila mara kuniuliza kama "kwa Mzee" kuna kitu au ni biashara tu ya kula hela za wanafunzi. Nimechoka kumjibu mmoja mmoja.

Chumba kiko juu ya duka la fotokopi. Ngazi ziko nje; shika ukuta, maana chuma cha kushikilia kilishaondoka zamani na aliyekiondoa hajulikani. Ndani kuna meza 3, kila meza watu 5 au 6. Umeme ukikatika, na unakatika ingawa bwawa la Ruzizi tunalo hapo chini tu, jenereta ya duka inaanza kunguruma, na kuanzia hapo kila mgonjwa anasimuliwa kwa kupigiwa kelele kama vile wote ni viziwi.

Ukutani pamebandikwa karatasi moja tu, imeshageuka rangi ya chai: "Uingereza, 1975. Wagonjwa 80. Mazungumzo 66. Mwili 7. Maabara 7." Siku ya kwanza nilidhani ni matokeo ya mashindano fulani. Ni utafiti wa kweli. Madaktari walichukua wagonjwa 80 waliokuja kwao kwa mara ya kwanza, wakafuatilia ni hatua gani iliyowafikisha kwenye ugonjwa uliokuja kuthibitika. Kwa wagonjwa 66, maelezo ya mgonjwa mwenyewe yalitosha. Kwa 7 ilibidi wampime mwili, kwa 7 wengine ilibidi wasubiri majibu ya maabara. Mtu akikimbilia vipimo, Mzee hasemi kitu. Anaielekezea ile karatasi kwa kidevu.

Sasa maharage. Kila meza inapewa 12 kwa kila mgonjwa, na hizo ndizo hela za familia ya mgonjwa. Kuuliza swali ni bure. Kumpapasa, kumgonga, kumsikiliza kifua ni bure, ila useme unatafuta nini. Ukitaka kipimo, unalipa: GE (tone la damu) ya malaria harage 1, glisemi (sukari ya damu) harage 1, bandeleti (kijiti cha kuchovya) ya mkojo 1, kipimo cha mimba 1, Widal (ya tifoidi) 2, hemogramu (hesabu ya chembe za damu) 2, ECG (umeme wa moyo) 3, radio (eksirei) ya kifua 4, ekografi (picha ya mawimbi ya sauti) 4. Skana ni 12, yaani ukiiomba umeshafilisi ukoo mzima, na mara nyingi inabidi mgonjwa asafirishwe. Makohozi ya kifua kikuu hayalipiwi, kama yasivyolipiwa kwenye programu ya taifa. Harage lenye tundu la dudu halipokelewi, kama vile dola iliyochanika isivyopokelewa popote hapa mjini. Hilo ni utani wake wa pekee na anaurudia kila wiki. Maharage yanayobaki mwishoni, Mzee anayahesabu kwa sauti, kisha anasema: "Haya, hawa watakula leo."

Mtu aliyesomea mahali ambapo bima inalipa kila kitu anaweza kuona huu ni mchezo wa watoto. Mimi nimeona mama akirudi dirishani kwa mhudumu wa malipo mara tatu asubuhi moja, kila mara na karatasi nyingine iliyoandikwa na mmoja wetu, na mara ya nne hakurudi. Shuleni hakuna aliyewahi kunifundisha kwamba mpangilio wa vipimo ni sehemu ya kutambua ugonjwa. Tulifundishwa orodha. Orodha haina mfuko.

Ngoja nieleze kesi moja tangu mwanzo mpaka mwisho, maana ndiyo iliyonifanya nilipe mwezi mzima.

Kadi inatolewa kidogo kidogo. Mzee anasoma mstari wa kwanza, halafu yeye ndiye mgonjwa au mama wa mgonjwa, na anajibu kile tu ulichouliza. Mstari ulikuwa huu: mtoto wa kiume, miaka 11, anatoka Bagira, anatapika tangu jana. Mama anasema: "Tumbo inamukata, docta, na anahema kama mutu mwenye kupandisha bidoni ya maji toka ziwani." Joto 37.8. Basi.

Meza yetu ilikuwa na watu 6 na sote tulikuwa tumeshatoka kwenye staji ya watoto, kwa hiyo tulijiona. Harage la kwanza: GE. Jibu: chanya, msalaba mmoja. Mwenzangu mmoja akapiga meza. Mawili mengine: Widal. Chanya pia. Hapo tukawa na ile ndoa ambayo kila familia ya Bukavu inaijua, malaria na tifoidi, na tukaanza kubishana juu ya dawa. Mzee kanyamaza, anachezea kifuniko cha kalamu. Mwingine wetu, ambaye anataka kuwa mpasuaji na anaona kidole tumbo kila mahali, akasema tumbo linalokata kwa mtoto wa miaka 11 lisiachwe hivi hivi. Tukalipa 4 za ekografi. Haina kitu. Zikabaki 5.

"Mmemaliza?" Mzee akauliza.

Hatukujibu. Akasema: "Mama bado yuko hapa. Hamjamuuliza kitu tangu aingie."

Ilikuwa kweli. Dakika 20 zilishapita, tumeshatumia maharage 7, na mama wa watu tulimwacha amesimama mlangoni. Nikamuuliza swali la kipumbavu kabisa, kwa sababu sikuwa na lingine: "Mama, kuna kitu gani kimebadilika nyumbani siku hizi?" Na Mzee, kwa sauti ile ile ya kujivuta, akajibu kwamba mtoto ameanza tena kukojoa kitandani, jambo aliloacha akiwa na miaka 4, na amechapwa kwa hilo. Kwamba anaamka usiku kunywa maji. Kwamba kaptula ya shule inamwanguka. "Na docta, siku hizi pale anapokojoleaga nyuma ya nyumba, kunajaa sisimizi."

Nilihisi masikio yanapata moto. Harage 1, glisemi: mashine imeandika HI, yaani sukari imepita pale inapoweza kuhesabu. Harage 1, bandeleti ya mkojo: sukari misalaba mitatu, ketoni misalaba mitatu. Kisukari cha watoto, na tayari damu imejaa tindikali.

Kilichonipendeza ni kile kilichofuata, na ndicho kinachotofautisha kikao hiki na kubahatisha majibu. Mzee haoni kazi imeisha jina la ugonjwa likipatikana. Anarudi nyuma, harage kwa harage, na kila aliyelitoa anajieleza. GE ilikuwa chanya: je, ilidanganya? Hapana, vimelea vilikuwemo. Lakini mtoto aliyekulia kwetu anaweza kubeba vimelea vichache bila kuwa ndivyo vinavyomuua leo. Widal je? Inahesabu kingamwili, na kingamwili zinaweza kuwa za maambukizi ya zamani au za bakteria wengine jamaa wa yule wa tifoidi. Widal moja peke yake haithibitishi tifoidi, hata tukiiandika mara ngapi kwenye fishi (karatasi ya mgonjwa). Tumbo? Tindikali ya kisukari inaweza kuliuma tumbo mpaka mpasuaji anyooshe mkono. Na ile pumzi, ambayo ilikuwa kwenye mstari wa kwanza, mbele ya macho yetu? Mmoja wetu alijitetea vizuri: malaria kali nayo inaleta tindikali na mtoto anahema hivyo hivyo. Mzee akakubali, akamwongezea hata: malaria kali inaweza kushusha sukari, kisukari kinaipandisha, na mbele ya mtoto anayehema vile huwezi kujua ni ipi kwa kumtazama. "Kwa hiyo harage la kwanza lilikuwa la nani?" Glisemi. La bei ndogo kuliko yote, lenye kuokoa pande zote mbili. Tulilitoa la sita... hapana, la nane. Nimeshalisahau hata kuhesabu kwa aibu.

Yaliyobaki yalikuwa 3. Alisema watakula, lakini hakusema kwa furaha.

Kitu kingine anachokidai, na wengi kinawachosha, ni ile sentensi. Kabla ya harage la kwanza, kila meza iandike mgonjwa kwa sentensi moja isiyozidi maneno 20. Nilipoanza niliona ni mambo ya shule ya msingi. Halafu akaja mama wa miaka 34. Meza ya pili iliandika: "Mama anakohoa usiku na amechoka tangu wiki 3." Sisi tuliandika: "Mama wa miaka 34, wiki 6 baada ya kuzaa mapacha, anakosa pumzi akilala, miguu imevimba." Ni mgonjwa yule yule. Wenzetu walienda kwenye nimonia, wakarudi wakapitia kifua kikuu, wakalipa radio 4. Sisi hatukuwa na akili kuliko wao, ila sentensi yetu ilikuwa imeshatuonyesha njia: mzazi wa karibuni, mapacha, pumzi inayokatika akilala, miguu. Tukauliza analalia mito mingapi. Mitatu. Tukatazama mishipa ya shingo, bure. Imejaa. Tukasikiliza moyo, bure pia, tukaambiwa unakimbia kama farasi. Moyo uliochoka baada ya uzazi, ule unaokuja mwishoni mwa mimba au katika miezi 5 baada ya kujifungua, na mapacha wanaongeza hatari. Ekografi ya moyo tuliilipia tukijua tunaitafutia nini. Tangu siku hiyo hata nikiwa zamu naandika sentensi ile pembeni ya fishi kwa kalamu ya risasi, na msimamizi wangu mmoja alishaniuliza kama ni shairi.

Lugha nayo. Asubuhi kwenye ziara ya wodi tunaongea Kifaransa, mgonjwa anaongea Kiswahili au Mashi, na katikati hapo vitu vingi vinaanguka. Kadi za Mzee zimeandikwa kwa maneno ya mgonjwa: ganzi, kichomi, kizunguzungu, mwili kulegea, tumbo kujaa. Kazi ya kutafsiri ni yako, na ukitafsiri vibaya unalipa. Zipo kadi mbili alizozifanya mapacha kwa makusudi, zote zinaanza na mtu anayesema "chembe ya moyo inaniuma". Wa kwanza ni msichana wa miaka 29, maumivu yanamuamsha usiku akiwa na njaa na yanatulia akila. Nusu ya chumba kilisikia "moyo" kikaomba ECG. Chembe ya moyo si moyo. Ni pale juu ya tumbo, chini ya kifua, na yule alikuwa na vidonda vya tumbo. Tukacheka, tukajifunza. Wiki mbili baadaye akaja mtu wa miaka 58, mwenye kisukari, chembe ya moyo inamuuma tangu asubuhi, anatoka jasho jembamba la baridi. Sote tukajibu kwa sauti moja kama kwaya: vidonda vya tumbo! Alikuwa na mshtuko wa moyo, ule wa upande wa chini ambao unapenda kujificha tumboni. Harage 3 za ECG zilikuwa mezani, hakuna aliyezigusa. Mzee hakutuhesabia yaliyobaki siku hiyo.

Watu wananiuliza: kwa nini usitumie programu za simu, ziko za bure? Ninazo mbili, moja ya Kifaransa na moja ya Kiingereza, na nazitumia kwenye foleni. Zina picha nzuri, zina sauti za moyo, zinakwambia umekosea bila kukudharau. Ila wagonjwa wake si jirani zangu. Mzungu ameumwa na kupe msituni, mwingine amekula samaki mbichi. Na kuna dalili moja inayorudi mpaka nikaizoea: "amerudi karibuni kutoka Kongo". Wakiiandika hiyo, ujue jibu ni malaria. Sasa sisi ambao hatujawahi kuondoka tufanyeje? Kwetu hiyo sentensi haipunguzi kitu, kila mgonjwa katoka Kongo, na malaria yuko kwenye orodha hata ya aliyeanguka kwenye pikipiki. Kitu kilicho adimu kwao ni cha kila siku kwetu, na kile wanachokiona cha kawaida mimi nimekisoma tu. Uzito wa dalili unategemea umesimama wapi, na programu imesimama mbali.

Mzee mwenyewe anasema hakuvumbua kitu. Kuna hadithi anayoipenda, ya Walter Cannon, ambaye mwaka 1900 alikuwa bado mwanafunzi wa udaktari pale Harvard, Marekani. Alikuwa akiishi na kijana anayesoma sheria, na akaona wanasheria wanavyojadili kesi kwa moto mpaka nje ya darasa wakati yeye anasinzia kwenye mihadhara. Akaandika makala kupendekeza udaktari nao ufundishwe kwa kesi. Mwanafunzi! Mzee anairudia hadithi hii kila tunapoogopa kumkosoa, kwa hiyo acha nimkosoe.

La kwanza ni maharage yenyewe. Vijana wameugeuza kuwa mchezo wa ubahili. Meza moja ilifikia kumaliza na maharage 11 ikajipigia makofi, imebahatisha. Wiki iliyofuata akaletwa dada wa miaka 24, tumbo upande mmoja, alizimia kidogo akitoka sokoni, bega linamuuma. Waliweka akiba. Hawakuuliza hedhi ya mwisho, ambayo ni bure, wala hawakutoa harage 1 la kipimo cha mimba. Mimba ilikuwa imetunga nje ya mfuko wa uzazi na ilikuwa imeshapasuka. Mzee aliyachukua maharage yao 12 yote akayatia mfukoni, na kuanzia hapo iko sheria: ukikosa kile kinachoua leo, unapoteza yote. Ni marekebisho mazuri, lakini yalichelewa.

La pili ni pakiti ya kadi. Ukipenda anakuuzia ya kwenda nayo nyumbani, kadi 60, dola 12. Nilinunua. Karatasi ni nzuri, zimepakwa plastiki, hata chai ikimwagika hazina shida. Lakini kadi ya 41 ina kosa ambalo siwezi kulinyamazia: imeandikwa "glisemi 28" bila kipimo. Mwandishi alikusudia milimoli kwa lita, ambayo ukizidisha kwa 18 ni miligramu 504 kwa desilita, sukari ya juu sana. Mashine zetu hapa zinasoma miligramu. Nilimpa binamu yangu wa mwaka wa nne kadi hiyo bila kumwambia kitu, akasoma 28 na akasema haraka: sukari imeshuka, mpeni glukosi. Angemwongezea sukari mtu aliyejaa sukari. Nilimpelekea Mzee. Alivaa miwani, akasoma, akakaa kimya kama dakika nzima, halafu akachukua kalamu akaandika kipimo kwa mkono kwenye kadi yangu. Pakiti zilizokwisha kuuzwa je? Ukiwa nayo, chukua kalamu yako leo.

Pakiti hiyo hiyo ilichapishwa kabla ya mambo ya Kamituga. Ugonjwa wa mpox wa aina mpya umeanzia kuonekana kwenye mkoa wetu wenyewe, kule kwa wachimbaji wa dhahabu, mwaka 2023, na Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani likautangaza kuwa dharura ya kimataifa. Halafu mimi nina kadi 60 za dola 12 na hakuna hata moja. Kikaoni ipo, ameiandika kwa mkono: kijana wa miaka 22 kutoka Kamituga, vidonda sehemu za siri, ameshachomwa penisilini kwa kudhaniwa kaswende. Kadi nzuri sana. Iingizwe kwenye pakiti.

La tatu ndilo linalonisumbua zaidi, na sijui kama ni kosa lake au ni kosa la kila kesi ya karatasi. Wagonjwa wake ni wasafi mno. Hawadanganyi. Hawajapita kwanza kwa muuza dawa wa mtaani. Wanajibu ukiwauliza, kwa Kiswahili, mmoja mmoja, na mwishoni wanapata jina la ugonjwa. Wiki chache baada ya yule mtoto wa Bagira nilikuwa zamu, nikapokea msichana mdogo anayehema vile vile. Moyo ulinipiga, nikajiona nimefika. Nikageuka kwa mama: anazungumza Mashi tu. Aliyejua kutafsiri alikuwa ameenda kula. Nikaomba glisemi: mashine ipo, bandeleti zake za kupimia damu zimekwisha tangu juzi. Kadi haina mstari wa hivyo. Shangazi wa mtoto alikimbia kuzinunua duka la dawa ng'ambo ya barabara, zikafika baada ya nusu saa, na sukari ilikuwa 94, ya kawaida kabisa. Yaani nilichokuwa nimejifunza kuhusu pumzi kilikuwa sahihi, glisemi kwanza ilikuwa sahihi, na ugonjwa ulikuwa mwingine. Sisimizi hawakuwepo. Walimpeleka kwenye huduma nyingine asubuhi, zamu yangu ikaisha, na mpaka leo sijui alikuwa na nini.

Nilimsimulia Mzee. Aliniambia jambo nililolikuta baadaye pia kwenye masomo: watafiti wa Marekani mwaka 1978 walionyesha kwamba kufanya vizuri kwenye kesi moja hakutabiri utafanya vizuri kwenye nyingine, kwa sababu ujuzi unakaa ndani ya kila ugonjwa, hauko kichwani kama kipaji cha jumla. Kwa hiyo kesi 51 nilizopitia ni kesi 51. Nilitegemea aseme kitu kitamu zaidi. Lakini Jumamosi iliyofuata nilikuta mezani bahasha ndogo ya kadi nyekundu, na katikati ya kila mgonjwa meza inachomoa moja bila kuangalia: "Bandeleti zimekwisha." "Mgonjwa ameshameza dawa asiyoijua jina." "Baba amekataa, anasubiri kaka yake afike." "Haongei Kiswahili. Umepata mtafsiri wa miaka 7." Hizo nyekundu sasa ndizo sehemu ninayoipenda kuliko zote, na zinamkasirisha kila mtu. Ziko 10 tu. Ziongezwe.

Yaliyobaki ni madogo. Choo hakuna, omba dukani chini na ununue japo karatasi mbili. Wavulana wanaongea juu ya wasichana. Mzee anaona lakini hakemei vya kutosha, inabidi mwenyewe upandishe sauti. Usikae meza ya karibu na dirisha kama una homa ya vumbi. Kuanza ni saa 8 mchana, na tangu Februari 2025 tunamaliza saa 10 na nusu kamili, mgonjwa wa tatu awe amepona au hajapona, ili wa Panzi na wa Bagira wafike kwao mapema. Motari (dereva wa pikipiki) kutoka Kadutu ananichaji vile anavyoamka, siandiki bei. Lipa taslimu au kwa simu, na kama ni noti, iwe nzima.

Kwa mwaka wa tatu kurudi chini, bado; utalipa dola 2 kuangalia wenzako wakibishana juu ya vitu hujavisoma. Mwaka wa nne na wa tano, nenda, lipa mwezi kwanza kabla ya kununua pakiti. Stajieri mwenzangu, unajua mwenyewe ulivyo na usingizi, lakini nenda hata mara mbili kwa mwezi.

Jumamosi hii ni zamu yangu kuleta maharage. Ya zamani yameingiwa na dudu, tulipoyamwaga mezani tulikuta mazima 19 tu kwa meza tatu, na Mzee alitangaza kwamba uchumi umeanguka. Nimeambiwa kilo moja, yale ya madoadoa, na nisiyaache jikoni kwa shangazi usiku wa Ijumaa.